Nati kwenye Uzi

Nati namba kumi na tatu, uzi wa kushonea,
vipima-pembe viwili nilivyoazima Kidato cha Pili B,
kimoja nyuma ya uzi, kingine ubavuni mwake;
mwenye hiki cha ubavuni ameandika kwa kalamu nyekundu:
*Cha Syabumi. Usiguse.*
Hiyo ndiyo maabara yangu Jumamosi hii,
imeshikwa kwa selotepu kwenye Staleti ya Ambakisye,
nami mwalimu wa fizikia, helmeti ya bodaboda kichwani,
nimeketi kushoto, daftari mapajani.

Uwanja wa zamani wa ndege, Mbeya, mwezi wa saba.
Ndege zilishahama. Majani yanachungulia kwenye nyufa za lami
na Loleza amejifunika ukungu hadi masikioni.
Koni hatuna. Tuna ndoo za rangi kumi na nne
na kijana wa Sanga anayekimbia kuzisimamisha
kila Ambakisye anapozilaza.

"Tayari, Mwalimu?"
Sijajibu, gari limeshaondoka.

Kona ya kulia: nati inakwenda kushoto
kama mtu aliyeitwa jina lake ng'ambo ya barabara.
Inacheza. Nasubiri itulie, kona hainisubiri.
Thelathini na moja, naandika. Yaani sita ya kumi ya uzito wangu
imehamia mlangoni, ubavu unajua bila kusoma.
Breki: nati inaruka mbele. Thelathini na nane.
Chai ya asubuhi nayo inasoma thelathini na nane.

Mchana, juu ya boneti yenye joto,
natandika karatasi ya grafu, naweka nukta:
breki chini, kona kushoto na kulia.
Zinajipanga mistari. Pembeni kote, weupe mtupu.

"Umechora msalaba," namwambia.
"Basi nimeokoka."
"Bado. Tairi lina mshahara mmoja.
Wewe unailipa breki hadi senti ya mwisho, unafunga pochi,
halafu unaikumbuka kona, unafungua upya.
Hapo katikati matairi manne yamekaa bure
kama vibarua waliotangulia majembe shambani.
Achia breki kidogo kidogo huku ukikata.
Kinachotoka huku kiingie kule.
Niletee ungo, msalaba ninao kanisani."

Anatafuna hindi la kuchoma, anaitazama karatasi.
"Haya umeyajulia wapi? Leseni yenyewe huna."

Sina, kweli.
Nina kilima cha kwetu Rungwe, mtoni hadi jikoni,
kona tisa za utelezi, ndoo ya lita kumi kichwani.
Ukisimama ghafla, maji yanaendelea na safari bila wewe.
Ukikata kwa pupa, yanakushuka mgongoni,
baridi ya saa kumi na mbili asubuhi,
na sare ni hiyo hiyo moja, na shule iko mbele.
Basi unajifunza. Kupunguza mwendo na kugeuka
vinakuwa neno moja, hulitamki kwa vipande.
Shingo ilipima miaka mingi
kabla sijaambiwa kwamba kipo kipimo.

Hayo sikumwambia.
"Nimesoma kitabuni," nikasema.

Mzunguko wa sita. Ukungu umeshuka hadi kwenye ndoo ya mwisho.
Akakanyaga. Nati ikaenda mbele,
na badala ya kurudi kwanza kati, ikapinda ikiwa kule kule,
ikateleza kuelekea kushoto taratibu,
kama kiganja kinachofuta ukingo wa sahani.
Hakuna kilichogonga. Hakuna kilicholia.
Kijana wa Sanga alikuwa amesimama na mikono mifukoni,
mara ya kwanza tangu asubuhi, hana kazi.

"Ngapi, Mwalimu? Ngapi?"

Daftari lilikuwa limeanguka miguuni.
Mkono wa kalamu ulikuwa nyuma, chini ya sweta,
unapapasa mgongo:

mkavu.