Mwaka wa Nne

Mhina wa dukani aliniuliza swali moja tu:
"Chumba kina ukubwa gani?"
Nikakosa jibu.
Miaka ishirini na sita napima wanawake wa Ngamiani,
viuno, mabega, vifua vya mabibi harusi wanaobana pumzi,
na chumba nilichozaliwa sikijui kipimo chake.

Nikarudi Makorora, futikamba shingoni.
Mama kitandani, kanga imemganda mgongoni,
feni inazungusha joto lilelile
kama mtu anayerudia uongo mpaka auamini.
"Unapima nini? Sanda?"
"Chumba, mama."
"Aa. Hicho hakijanenepa."

Futi kumi kwa kumi na mbili.
Dari hakuna, bati na godoro wanatazamana uso kwa uso.
Dirisha la magharibi linameza jua lote la alasiri,
na chini ya mlango pana mwanya
ambao paka hupita bila kuinama.
Nikaandika yote nyuma ya mchoro wa gauni la mtu.

Mhina akasoma, akakuna kidevu.
"Kwanza uzibe, ndipo upoze.
Baridi ni maji, na chumba chako ni pakacha.
Tia dari, tia pazia zito.
Halafu usichukue mashine kubwa, inatosha hii ndogo."
Hapo nilimwelewa bila kuelezwa mara mbili:
koti la baba halimpi mtoto joto zaidi,
linamburuza tu.

Ukutani viyoyozi viwili, vyeupe vyote, kama mayai ya kuku mmoja.
Cha kwanza, laki nane na nusu:
kinawaka kwa ghadhabu, kinazima, kinawaka tena.
Cha pili, inveta, milioni moja na laki mbili na nusu:
hakina papara, kinapunguza mwendo, kinanyata,
na kila usiku kinakuachia uniti tatu za LUKU.
Nikatoa chaki mfukoni, nikapiga hesabu kwenye meza yake ya kioo.
Shilingi elfu moja na ushei kwa usiku,
miezi minne ya joto kwa mwaka.
Laki nne za ziada zitarudi mwaka wa nne.

Simu ikalia. Kaka Mbaruku, kutoka Dar:
*Chukua cha bei nafuu dada. Mama ana themanini na moja.*
Akaweka nukta.
Mbaruku, ambaye hajawahi kuweka nukta popote.
Niliikagua hesabu yake kama ninavyokagua mshono wa mwanafunzi,
ndani, nje, kwenye mapindo.
Haikuwa na kosa.
Ndicho kilichoniudhi.

Usiku nikamwambia mama bei zote mbili.
Ujumbe nikaumeza.
"Hicho cha ghali, hela yake inarudi lini?"
"Mwaka wa nne."
Akahesabu kwa pingili za vidole, midomo ikichezacheza.
"Kitukuu cha Mwanaidi kitakuwa kimeanza shule," akasema.
Kisha: "Na Mbaruku anasemaje?"
Nikajifanya natafuta sindano.
Akacheka, kicheko kikavu, akanigonga goti.
"Leta hicho cha ghali.
Sijapata kulala na deni ndani ya nyumba.
Nitakaa nacho mpaka kijilipe."

Dari ikapigwa. Pazia nililishona mwenyewe,
kitambaa cha gauni ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua.
Usiku wa kwanza mama aliomba blanketi,
neno ambalo sikumbuki kulisikia Makorora.
Nje bati linavuja joto, mbwa wamelala na ndimi nje,
na ndani kile kidude kinanong'ona tu,
hata saa ya ukutani inasikika.

Sasa kila asubuhi, kabla ya chai, ananiuliza:
"Imebaki ngapi?"
Naenda kwenye mita, narudi.
"Laki tatu, na elfu tisini na mbili."
"Bado nyingi," anasema,
na anajivuta blanketi mpaka kidevuni,
ameridhika.