Shika Mkia

Saa mbili asubuhi, Sunderland.
Nje shakwe wanagombea ganda la chipsi.
Mimi navaa risasi:
aproni ya kilo saba na kola ya shingoni,
risasi isiyoua, ya kukinga miale.
Lugha yetu ina mizaha yake.

Mezani amelala Bwana Alf Thirlwell,
miaka sabini na sita, fundi umeme mstaafu.
Tumboni mwake mshipa mkuu umevimba
kama tyubu ya baiskeli palipochakaa.
Kamba hukatika pabovu.
Tumekuja kuiwahi kamba.

Ganzi ni ya kinenani tu, kwa hiyo yu macho
na anataka kujua kila kitu.
"Hiyo waya ina jina?"
"Tunaiita kiongozi."
"Sisi tulimwita nyoka," anasema.
"Unampenyeza ukutani, anatafuta njia gizani,
akitokea upande wa pili unamfunga kebo, unavuta.
Nimepitisha nyoka katika nusu ya nyumba za mji huu,
na melini, zamani, mto ulipokuwa na meli."
Daktari Prosser anamwomba asicheke.
Tumbo likitikisika, picha nayo hutikisika.

Waya inaingia.
Ncha yake laini imepinda kama kichwa cha bakora,
isichome, ipapase tu.
Kwenye skrini ni unywele mweusi ndani ya ukungu:
unapanda, unasita,
unagonga kona ya nyonga, unajikunja, unarudi.
Daktari anauzungusha kwa vidole viwili
kama anayepima chumvi ya mchuzi wa watu.
Hasukumi.
Kinachosukumwa humo hutoboa.
Anangoja mshipa uridhie.

Kazi yangu mimi ni mkia.
Mita moja na zaidi ya waya iko nje,
inateleza kwa maji ya chumvi,
na mwisho wake uko kati ya gumba langu na shahada.
Mrija ukipanda juu ya waya, nashika.
Mrija ukibadilishwa, nashika.
Pua ikiwasha, nashika.

Hili nilifunzwa kabla ya chuo.
Korogwe, mama akitia mpira kwenye sketi yangu ya shule:
pini mbele, mpira nyuma,
vinatambaa ndani ya upindo kama panya chini ya mkeka,
nami nimekabidhiwa mwisho wa pili.
"Shika mkia, wewe!"
Siku moja nilitazama majogoo wakipigana,
upindo ukaumeza mkia.
Mama hakusema kitu. Alifumua mshono,
akachomoa, akaanza upya,
akanipa tena mwisho uleule.

Sasa kinapanda kile chenyewe,
kitambaa na chuma vimekunjwa ndani ya ala,
juu ya waya, hatua kwa hatua,
hadi chini kidogo ya mishipa ya figo.
"Bwana Thirlwell, usipumue."
Hapumui. Sisi pia hatupumui.
Kinafunguka kama mwavuli mlangoni,
na damu inaingia barabara mpya,
uvimbe ukabaki kando
kama nyumba iliyohamwa.

Hakuna anayepiga makofi.
Mtu wa eksirei anauliza kama kuna chai.

Waya inatoka kama ilivyoingia, taratibu,
ikipita katika kitambaa kibichi mkononi mwangu,
nyekundu kidogo, kisha si nyekundu.
Naizungusha duara. Pipa la manjano.
Kila kilichofika mle kilifika kwa mgongo wake,
na yenyewe haibaki.

"Nyoka yuko wapi?" anauliza Alf.
"Ametoka."
"Hata kuaga?"
Namfunika blanketi. Miguu yake ni baridi,
lakini mapigo ya nyayo yapo, yote mawili,
nayatia alama ya kalamu.

Najaza fomu.
Nyaya zilizoingia: nne.
Nyaya zilizotoka,
ingawa nilishika kila mkia,
narudi pipani, nainama na risasi yangu,
nahesabu kwa kidole, moja moja:
nne.