Stoo Namba Mbili

Nilifika Mtumba na futi kamba, penseli mbili,
na barua yenye muhuri: pima, chora, wasilisha.
Ilikuwa Julai. Upepo wa mashariki uliingia kazini alfajiri,
ukasaini kitabu cha mahudhurio kabla ya watumishi,
ukaacha vumbi jekundu juu ya kila meza.

Kwanza nikahesabu viti. Kisha nikahesabu waliovikalia,
na hesabu zikakataa.

Sagala wa masjala alikuwa amehamia kwenye korido.
Kiyoyozi kinampuliza shingoni, alisema,
tangu Februari, na rimoti anayo bosi.
Alijifunga skafu ya mkewe, ya sufu, yenye maua.
"Andika," akaniambia, "sitaki sofa.
Nataka dirisha linalofunguka."

Nikaandika: dirisha linalofunguka.

Vijana wa takwimu walibandika maboksi kwenye vioo,
maana aliyenitangulia alipenda vioo,
na jua la saa tisa halijui itifaki.
Wanashinda gizani, taa zimewaka,
nje kuna mwanga wa kugawa bure hadi Singida.

Nikaandika: ukuta mnene upande wa magharibi,
mnene kama wa tembe alimozaliwa mama yangu, Mvumi,
ambamo ukiingia mchana wa Oktoba
ngozi inasahau ilikotoka.
Na ua katikati, watu wapate pa kuweka macho
baada ya tarakimu.

Halafu nikafungua stoo.
Sikupiga hodi. Nani huipigia stoo hodi?

Nyemo wa mishahara alikuwa ameketi juu ya maboksi
ya stakabadhi za miaka kumi iliyopita,
vifungo vya blauzi wazi, akikamulia kikombe cha plastiki,
mguu mmoja ameunyoosha kuzuia mlango.
Mguu haukutosha.
"Samahani," akasema yeye. Yeye!
Na mimi ndiye niliyesimama na futi mkononi kama askari.
Mtoto ana miezi minne, yuko Ihumwa na dada wa kazi.
Maziwa hayasubiri saa ya chakula.
Tone lilikuwa limeangukia stakabadhi moja,
wino umechanua.

Usiku nikachora chumba: mita mbili kwa mbili na nusu,
kiti chenye mikono, bomba, rafu, friji ndogo,
komeo upande wa ndani.

Wiki iliyofuata mkurugenzi akakiwekea kalamu nyekundu.
"Hiki cha nini?"
Nikaeleza.
Akatazama dari. Wajumbe wote saba wakatazama dari,
kana kwamba jibu linaning'inia karibu na feni.
"Tija, msanifu. Hapa tunazungumzia tija.
Weka meza nne."

Meza nne nikazipata kwa kumega sebule ya wageni wake.
Chumba sikukifuta. Nilifuta jina tu,
nikaandika: STOO NA. 2.
Hakuna mjumbe aliyeuliza kwa nini stoo ina dirisha,
mafaili yanataka bomba la nini,
wala ni faili gani hilo linalojifungia kwa ndani.
Wakagonga muhuri.

Nilipita juzi, kukagua nyufa.
Sagala amerudi masjala, dirisha wazi,
kokoto juu ya kila rundo la karatasi.
Sasa ananung'unikia vumbi,
lakini ni vumbi alilolifungulia mwenyewe.
Uani wamepanda mzabibu. Umegoma kupanda fito,
umelala chini kama mtu wa likizo, sijui kwa nini.

Na kwenye mlango wa stoo namba mbili
kuna karatasi, mwandiko siutambui:
Piga hodi.

Nikapiga hodi.
Sikukaribishwa.
"Kuna mtu," ikajibu sauti, si ya Nyemo,
bila haraka, bila samahani.