Ng'ombe wa Singano

Watu husema sanaa hushuka.
Kwangu haijawahi kushuka. Hupanda,
huanzia kwenye soli ya ndala iliyolika upande mmoja,
na mara nyingi
hukwama magotini.

Ndiyo maana kila alfajiri, kabla ya kufungua kibanda,
kabla tapentaini haijanishika puani,
navuka reli nyuma ya stesheni ya Muheza
nikatembee kwenye mkonge.

Si safari ya kusimulia.
Umande unalowesha suruali. Miiba inanikumbusha
kutazama ninapokanyaga.
Kuna rangi moja shinani mwa jani la mkonge,
si samawati, si kijani,
miaka tisa naiulizia dukani kwa Mhina
na Mhina ananijibu, "Fundi, hiyo haijaletwa."

Nina daftari la hesabu la binti yangu Mwanamvua.
Upande mmoja amegawanya, akakosea, akafuta.
Upande wa pili nachora mimi:
mlingoti wa mkonge uliokufa wima,
mama aliyekalia kiroba cha machungwa
akifunga kamba ya kiatu kisicho chake,
kunguru.
Kunguru tena.

Juzi Singano alinipa kazi.
"Bucha mpya hiyo. Niwekee ng'ombe ubaoni.
Awe mnene. Awe na furaha kidogo."
Nikamchora nilivyozoea: ubavu, miguu minne, pembe mbili.
Singano akaja, akasimama akitafuna mswaki.
"Fundi, huyu ana macho ya mtu anayedaiwa kodi."

Kweli. Yalikuwa macho yangu.

Nikatoka mchana uleule, jua likiwa utosini,
mpaka pale mkonge unapokoma na mihogo kuanza,
nikamkuta mmoja amefungwa kwenye mchungwa,
jike, rangi ya chai iliyoongezwa maziwa mara ya pili.
Alikuwa anajilamba bega, taratibu,
kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe.
Akageuka. Katikati ya paji
nywele zilizunguka zikajifunga,
kana kwamba alibonyezwa kidole gumba
udongo ukiwa bado mbichi.

Nilimchora juu ya hesabu.
Sitini na tatu gawanya kwa tisa
mpaka leo imo shingoni mwake.

Usiku ule mkono ulijua njia.
Siku kama hizo ni chache, wala sizitaji
nisije nikazitia kijicho.
Asubuhi Singano akatazama, akaitikia kwa kichwa.
"Sawasawa. Mkia uongeze."
Akanilipa nusu.

Nilikuwa bado juu ya stuli, kwenye mkia,
mtoto mmoja mwenye kidumu cha maziwa akasimama.
Akasogea. Akaweka kidole pajini.
"Huyu si Sikujua?"
Nikamwambia ni ng'ombe tu.
"Ni Sikujua wetu. Tunamkamua.
Mbona umemweka kwa Singano?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na maneno marefu.
Nyuma yangu shoka la Singano lilikuwa likipiga gogo.

Nikafungua kopo la kahawia, nikachukua brashi namba mbili,
nikaziba paji, kutoka nje kwenda ndani,
mpaka akabaki ng'ombe wa mtu yeyote
mwenye mkia mrefu kupita kiasi.
Mtoto alingoja nimalize.
Akaondoka bila kuaga, kidumu kikimgonga goti.

Leo nimevuka reli tena, daftari mfukoni.
Sikujua amehamishiwa mchungwa wa pili.
Nimemsalimia. Ameendelea kula.
Nikasimama pale kitambo, sikuchora kitu,
umande ukinipanda,
ukipita magoti.