Kopo la Vifungo

Mimi ni fundi cherehani, Mtemani, Wete.
Napunguza mabuibui, naongeza viuno vya sare za skuli,
na tangu mwaka juzi, sijui nimlaumu nani,
natibu roboti za Shaame Mbarouk wa forodhani.

Anazo thelathini na moja ndani ya kabati la kioo,
kila moja ina sura mbili: ni mtu, na ni gari,
au ndege, au kaseti ya redio.
Huzileta moja moja, kazifunga kwa kanga ya mkewe,
mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

"Shika," huniambia, "usikie uzito.
Kifua chuma cha kusubu, magurudumu mpira wa kweli,
si hizi za siku hizi, nyepesi kama makonyo makavu."
Halafu huukunja mkono: krik, krik, krik.
"Unasikia? Meno ya ndani bado yanang'ata."
Hunisikilizisha goti la plastiki
kama daktari asiye na foleni.

Nimejua mengi ambayo cherehani haikunifunza.
Kwamba hewa yetu ya chumvi hula pini kimyakimya,
kutu ikivimba, plastiki hupasuka kwa ndani
siku nyingi kabla jicho halijaona ufa.
Kwamba kiungo cha gololi kikilegea
hupakwa rangi ya kucha, kikaachwa usiku kucha;
nyekundu ya bintiye ndiyo iliyo begani mwa lile jitu la buluu.
Kwamba sindano namba kumi na sita iliyovunjika,
ikikatwa, ikasuguliwa,
ni pini bora kuliko ile ya kiwandani.
Hilo sijamwambia. Ana imani na kiwanda.

Kisha akaja na ile ya dhahabu.

Haikuwahi kuchezewa. Miaka thelathini na minne
imo boksini mwake, haijui jua, haijui mtoto,
na yeye mwezi ule anastaafu,
akataka japo mara moja aione ikigeuka.
Nikamwambia, Shaame, kitu kisichokunjwa hakijui kukunjika.
Akacheka. "Yakhe, hii ndiyo nzima kuliko zote."

Haikupiga kelele. Mkono ulitoka tu,
kama pembe ya mkate wa sinia uliolala.
Nyonga ikafuata.
Vumbi la kumetameta likabaki viganjani mwake,
na mle ndani, pale palipovunjika,
plastiki ilikuwa na mawimbi ya dhahabu, mazuri,
na uzuri huo huo ndio ulioiozesha.

Sikumpa pole. Nilimpa kiti.
Barazani mtoto wa Bi Time alikuwa na lake,
la shilingi elfu tatu, dukani kwa Hamad Faki,
halina kichwa, mguu umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
likawa gari, likawa mtu, likawa gari tena,
na kila mara "vuuum!", kana kwamba ndiyo kwanza.
Shaame alilitupia jicho la dharau.
Jicho likakawia kurudi.

"Inaungika?"
"Inaungika. Ila haitageuka tena. Nikuungie nini, mtu au gari?"
Akasema gari. Nikafungua gundi.
Akasema ngoja.
Akasema mtu. Akaomba maji, hakuyanywa.
Umeme ukakatika, ukarudi, feni ikaanza upya taratibu,
gundi ikafanya ngozi mdomoni mwa chupa.
"Ntakwambia," akasema, akaikunja kanga tupu
pembe kwa pembe, vizuri mno,
akaenda zake.

Idi mbili zimepita. Tukikutana sokoni
ananiuliza bei ya uzi.
Vipande nimevitia kwenye kopo la vifungo,
maana sina kabati la kioo.
Jana nikipapasa humo nitafute kifungo cha kanzu,
kidole kilirudi kina dhahabu.