Alama ya Kuuliza

Saa tisa za usiku, Kemi. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
bahari imeganda hadi macho yanapokomea,
na kiwanda cha karatasi nilikoendesha kreni
miaka thelathini na mmoja
kimezimwa taa. Mimi nina tani arobaini za maji
na sijui wa kumuuzia.

Veeti, mtoto wa dada yangu, aliniachia kompyuta alipohamia Turku.
"Mjomba," alisema, "ramani utaikuta nyeusi. Usiogope.
Kituo hakipo mpaka ukikaribie."
Nilidhani amekosea kusema.
Hakukosea.

Unakwenda gizani, na giza ni giza,
kisha pembeni mwa kioo doa la kijivu,
na juu yake alama ya kuuliza, imejikunja kama ndoana.
Punguza mwendo. Kilomita arobaini: doa lile lile.
Thelathini: lina mabega.
Ishirini na tano: jina linajiandika herufi kwa herufi,
na nyuma ya jina, bei,
wanachouza, walichopungukiwa,
kama mtu anayekutajia jina lake
na papo hapo anakwambia ana njaa.

Nina mbinu zangu, hazimo kwenye maelekezo.
Meli ya madini ikipita imelemewa, naifuata:
mwenye mzigo ana aendako.
Ikirudi tupu naifuata vilevile,
mwenye njaa hasahau ghala.
Njia zinapopandana nimeacha setilaiti,
nimeilipia kwa faida ya wiki nzima,
ikodoe macho nikigeuka.
Maana bei huchacha. Unashika ile ya mara ya mwisho,
unafika na shehena, wenzako walishajaza matangi.
Ndivyo ninavyomjua Veeti siku hizi:
najua alichokula Novemba.

Jana nilisinzia, injini sikuizima.
Chombo kikajiendea, saa tano, taratibu,
kando ya mkanda wa mawe ambako mtu mwenye akili haendi.
Nilipofumbua macho kioo kimejaa:
gurudumu kubwa la chuma, taa za manjano, gati kumi na mbili,
na sauti ya mashine, Karibu, gati ya tatu iko wazi.
Wanataka maji.
Wanataka maji kwa bei mara tatu!
Nilipiga meza. Nilipiga na ukelele, sitaficha.

Ukuta ukanijibu. Ngumi tatu.
Halafu kengele ya mlango, ambayo mlio wake nilikuwa nimeusahau.

Mwanamke, koti zito juu ya gauni la kulalia,
soksi za sufu, moja nyekundu, moja si nyekundu.
"Miezi minne nasikia hiyo tiit, tiit, tiiit.
Nilidhani ni mashine ya hospitali.
Nikasema, hapo kuna mtu anakufa polepole
na hataki kumsumbua mtu."
Nikamwambia hapana, ni kutia gati tu.

Miaka tisa tumepanda lifti moja.
Mlangoni pake pameandikwa Tolonen,
jina la mpangaji wa kabla yake; hajalibandua.
Yeye ni Raili Vänskä. Alinitajia akiwa amesimama karibu sana,
kwa sababu baridi ya ukumbini ilikuwa inamsukuma ndani.

Akakaa kwenye kiti cha Veeti, uso karibu uguse kioo.
"Hiki kituo jana kilikuwepo?"
"Kilikuwepo. Kwangu hakikuwepo."
"Na waliomo, wao wanajua kwamba hawakuwepo?"
Nikaenda kuteleka kahawa.

Niliporudi maji yote ameyauza,
kwa bei nzuri, sijui vitufe alivijuaje,
na pua ya chombo ameielekeza kwenye doa jingine,
chini kushoto, dogo,
ambalo mimi miezi yote minne
nilikuwa nalifuta kwa mkono wa shati
nikidhani ni uchafu wa kioo.