Zamu ya Tisa

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa upatu ule:
miaka kumi, mwandiko unaosomeka,
na daftari la hesabu lililobakiza kurasa.
Wanawake kumi na wawili, Alhamisi kwa Alhamisi,
boliviano mia mbili kila mkono, sahanini,
kule El Alto, ambako kupanda ngazi ni kukopa pumzi
na baridi haipigi hodi.

Kura ilimpa mama zamu ya tisa.

Lakini tanuri lilikuwa sokoni leo, si wiki ya tisa:
kuukuu, la gesi, trei sita, bawaba moja imelegea,
limetoka kwenye hoteli iliyofilisika.
Mama alilifungua na kulifunga, mara ngapi sijui.
Muuzaji alikuwa akimenya chungwa.
"Mpaka Jumamosi," alisema. "Zaidi ya hapo sikuahidi."

Akaanza na benki. Akashuka mjini kwa gari la kamba,
kofia ya sikukuu kichwani, hati ya kuzaliwa kifuani.
Bwana Iturralde alikuwa mpole,
na upole wake ulichukua saa nzima.
Nyumba? Ya kupanga.
Gari? Mama akacheka, naye akacheka.
Mshahara wa mume?
Mume yuko Ajentina, na mshahara wake pia.
Husemwa mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe;
fomu haikuwa na kisanduku cha nguvu.
Aliikunja mara nne, akaja nayo nyumbani,
ikatufaa: dirisha la jikoni likaacha kugongagonga.

Alhamisi ile sahani ilikuwa ya Nicasia, zamu ya tatu.
Nicasia alikuwa akingojea meno.
Mawili, ya mbele. Fundi alikwisha kuchukua vipimo,
na kinywa chake cha plasta kilikaa kabatini
kikisubiri malipo.
Kila alipozungumza alijiziba kwa ncha ya shali.
Safari hii hakujiziba.
"Policarpia, meno yangu yamezoea kutokuwepo.
Chukua yangu, nipe ya tisa.
Ila nisikie harufu ya mkate
kabla sijabadili nia."

Hakuna aliyepiga makofi.
Justa aliuliza kama wiki ijayo tutaanza mapema.
Nilifuta jina, nikaandika jina,
kifutio kikatoboa karatasi,
na tunduni nikaona hesabu ya kugawanya
ya ukurasa wa chini, niliyoikosa.

Mkate wa kwanza ulitudhalilisha.
Juu kule hewa ni nyepesi: kinyunga huumuka kwa pupa,
hujiona tajiri, kisha huanguka katikati.
Tuliula wiki nzima tukiuita biskuti.
Mama akapunguza hamira, akaongeza maji,
akaamka saa tisa za usiku,
akalala ameketi, mkono juu ya beseni,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Mwisho wa mwezi nilipiga hesabu:
unga, gesi, chumvi, mchango wa upatu, bawaba mpya.
Zikabaki boliviano kumi na moja.
Nikaandika FAIDA kwa kalamu nyekundu.
Mama akanipokonya kalamu.
"Andika: zilizobaki.
Faida ni neno la mtu aliyekwisha kulala."

Wiki ya tisa Nicasia akapokea sahani yake,
na siku chache baadaye akaja na meno,
meupe mno, kama ameazimwa na mtu wa mjini.
Tulimpa mkate wa alfajiri, ganda lingali linaalika.
Akatabasamu kwa muda mrefu, ili tuone.
Kisha akageukia ukuta, akayavua,
akayatia mfukoni mwa aproni,
akauuma mkate kwa pembeni, kama zamani.

"Haujakolea chumvi," akasema.

Nikaliandika hilo pia.